Damu ya mtoto kwenye utafiti: mililita ngapi, na itakayobaki inakwenda wapi?

MjumbeWaKata

Habari za jioni wadau. Naomba msaada kwa walioko maabara na walioko kwenye kamati za maadili.

Kuna utafiti wa malaria unaotaka kusajili watoto wa mwaka 1 hadi 5. Bodi ya ushauri ya jamii imeletewa rasimu ya fomu ya ridhaa iisome kabla haijaenda kwenye kamati. Sentensi mbili zinatukwamisha. Ya kwanza: "Tutachukua damu kiasi kidogo, kama kijiko kimoja cha chai, kila baada ya wiki mbili, mara tano." Ya pili: "Damu itakayobaki itahifadhiwa kwa ajili ya tafiti za baadaye."

Kina mama wanauliza damu hiyo inarudi lini mwilini, na kwa nini mtoto mmoja ajaze vichupa vitatu wakati kipimo cha malaria cha zahanati ni tone la kidole. Wazee nao wameshaanza kutaja mumiani. Majibu ya "msiogope, ni salama" tumeshayasikia. Nataka hesabu, na nataka kujua tudai nini kwenye hiyo sentensi ya pili.

KifunikoZambarau

Nianze na hesabu maana hiyo ndiyo nyepesi.

Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 14 ana karibu mililita 1,120, lita moja na ushee. Kijiko cha chai kwenye fomu ni mililita 5, kile cha dawa ya maji, siyo kijiko chochote cha jikoni. Kwa hiyo kila safari anatoa chini ya nusu ya asilimia 1 ya damu yake. Mara tano ni mililita 25 ndani ya wiki nane.

Kamati huwa zinapima kwa kanuni mbili. Mwongozo wa Ulaya unasema isizidi asilimia 1 ya damu yote kwa mara moja, wala asilimia 3 ndani ya wiki nne. Wa Marekani, kwa tafiti zinazopitiwa kwa njia ya haraka, unasema mililita 3 kwa kilo ndani ya wiki nane au mililita 50, ipi iliyo ndogo, na asichukuliwe zaidi ya mara mbili kwa wiki. Kwa kilo 14, Ulaya inaruhusu 11 kwa mara moja na 33 kwa wiki nne. Marekani 42 kwa wiki nane. Mtoto huyo yuko ndani kwa vyovyote.

Shida ni mtoto wa kilo 9. Ukomo wake kwa kanuni ya pili ni mililita 27, na utafiti peke yake unataka 25. Sasa wiki ya nne mshipa unasumbua, mililita 2 zinaganda kwenye kichupa, anachomwa tena. Wiki ya sita analazwa na homa, wodi inachukua 3 za vipimo vyake. Jumla 30, ukomo umeshapitwa na hakuna aliyeandika popote, maana kila upande unahesabu ya kwake. Hapo ndipo pa kudai: daftari la utafiti lihesabu damu yote, ya utafiti, ya wodi na iliyoharibika, na ukomo uandikwe kwa kilo. Mtoto apimwe uzito siku ileile, msitumie ule wa kadi ya kliniki wa miezi miwili nyuma.

Kurudi kwa damu: majimaji yake (plasma) hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu zinataka wiki kadhaa, na zinataka madini ya chuma. Himoglobini ikiwa 11, kila mililita inaondoka na chuma kama miligramu 0.37, kwa hiyo mililita 25 ni karibu miligramu 9. Mtoto wa umri huo hufyonza chini ya miligramu 1 kwa siku kutoka kwenye chakula, na sehemu kubwa anaitumia kukua. Kwa mtoto mwenye afya pengo hilo linazibika. Kwa mwenye himoglobini ya 7 si jambo la kupuuza. Fomu itaje namba: chini ya kiwango fulani hachukuliwi damu ya utafiti siku hiyo, anatibiwa kwanza.

Vichupa vitatu sasa. Chenye kifuniko cha zambarau kina EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, kinahitaji nusu mililita tu kwa hesabu ya chembe na himoglobini. Chekundu hakina dawa ya kuzuia kuganda. Mililita 1 inaachwa igande ili itoe seramu ya kupimia kingamwili. Cha kijani kina heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, na ndicho kinachokula mililita 3.5 zilizobaki. Havibadilishani. Ukimimina damu ya zambarau kwenye chekundu, EDTA yenye potasiamu inaingia nayo: jibu linatoka na potasiamu ya kutisha na kalsiamu iliyoanguka, huku mtoto anacheza nje mzima kabisa. Heparini nayo huzuia kipimo cha PCR, kile cha kutafuta vinasaba. Ndiyo maana kuna mpangilio wa kujaza: chekundu, kijani, zambarau mwisho. Vyenye dawa vigeuzwe polepole mara 8 hadi 10. Ukitikisa, chembe zinapasuka na seramu au plasma inakuwa ya waridi. Usipogeuza, damu inaganda vipande vipande. Kuchomwa mara ya pili mara nyingi kunatokana na hayo mawili, na mpira wa mkononi ulioachwa umefungwa zaidi ya dakika moja.

Huyo wa kijani ndiye wa kuhojiwa. Damu yake inawekwa taratibu juu ya kimiminika kizito kiitwacho Ficoll, inazungushwa kwenye sentrifuji, chembe nyekundu zinazama chini na katikati unabaki utando mweupe mwembamba kama ule wa maziwa yaliyopoa. Hizo ndizo seli nyeupe zilizo hai. Kila mililita hutoa kama milioni 1 hadi 2, kwa hiyo 3.5 zinatosha kichupa kimoja tu cha kugandisha cha milioni 5. Mwulizeni mtafiti: swali lako linahitaji seli hai kweli? Kama ni kingamwili tu, au vinasaba vya vimelea, matone ya kidole kwenye karatasi maalumu yanatosha. Duara moja la karatasi hiyo, kwa mfano Whatman 903, hushika mikrolita 50 hivi. Na kama anazihitaji, maabara iko umbali gani? Zikipita saa 8 hivi kabla ya kutenganishwa zinaanza kupoteza ubora, na mtoto atakuwa ametoa damu bure.

Kumbikumbi

Naunga mkono, ila karatasi isiuzwe kama njia isiyo na makosa. Ikikaushwa juani au ikifungwa ingali mbichi, ukungu unaota na kingamwili zinaharibika. Inataka saa tatu nne kivulini, imelazwa bila kugusa kitu, ndipo iingie kwenye mfuko wenye vifuko vya kukausha. Matone mawili yakipandana kwenye duara moja, kipimo cha kiasi hakiaminiki tena.

Na kidole kisikamuliwe. Tone la kwanza lifutwe kwa pamba kavu, la pili lidondoke lenyewe. Ukikamua, majimaji ya nyama yanaingia na himoglobini inasoma chini kuliko ilivyo. Halafu tusidanganyane kwamba kidole hakiumi: kuna watoto wanaolia zaidi kwa kidole kuliko kwa sindano ya kipepeo kwenye mkono wa mtu anayejua kazi.

Kitabu_cha_Zamani

Kwenye mumiani, msilichukulie kama ushamba. Neno lenyewe lilikuwa jina la dawa, kitu cheusi kama lami kilichotumika Pwani kwa mifupa na majeraha, hadi ikasemwa kwamba inatengenezwa kwa damu ya watu. Wakati wa ukoloni tuhuma zikahamia kwa wazimamoto. Nairobi na Kampala ilisemwa wanakamata watu na kuwatoa damu. Hadithi haikuwa kweli. Lakini damu ilikuwa inachukuliwa kweli, na wachukuaji wengi hawakurudi kueleza walichopata.

Chukua mfano mmoja wa hapa kwetu, ambao uko kwenye vitabu vingi vya tiba. Mwaka 1949 Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alipima damu za makabila mbalimbali ya Kenya. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria zaidi ya asilimia 20 walikuwa na chembe za selimundu. Nyanda za juu hawakufika asilimia 1. Ramani hiyo ililingana na ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi wake. Karibu na Kampala alipima watoto 290 wa Kiganda: wenye chembe za selimundu 43, kati yao 12 walikuwa na vimelea vya malaria, wasio nazo 247, na 113 walikuwa navyo. Asilimia 28 dhidi ya 46.

Sehemu inayosahaulika ni ya pili. Alichukua wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye selimundu ya mzazi mmoja na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria kali kwa kuumwa na mbu na kwa kuchomwa damu yenye vimelea. Vimelea vilishika kwa 14 kati ya wale wasio nayo, na kwa 2 tu kati ya walio nayo. Ugunduzi huo umesimama hadi leo, na ndio unaotueleza kwa nini selimundu ni nyingi kwetu.

Kanuni za Nürnberg za majaribio kwa binadamu zilikuwa zimeshaandikwa tangu 1947 kwamba ridhaa ya hiari ni lazima. Azimio la Helsinki lilikuja 1964. Kamati ya leo ingemwuliza Allison: nani aliwaeleza watu hao, kwa lugha gani, na walikuwa na nafasi ya kukataa mbele ya daktari wa Kizungu katika Kenya ya hali ya hatari, wakati wa Mau Mau? Kuambukiza kwa makusudi kwenyewe hakujapigwa marufuku. Bagamoyo mwaka 2012 watu wazima waliojitolea walichomwa vimelea vilivyosafishwa maabara, wakafuatiliwa kwa karibu na kutibiwa. Tofauti kubwa iko kwenye mchakato unaotangulia sindano.

Kwa hiyo ukiwa na wazee, usianze na "hakuna mumiani". Anza na swali lao: mkishachukua, mtarudi? Tarehe ya mkutano wa kurudisha matokeo iandikwe kwenye mpango wa utafiti na pesa yake iwe kwenye bajeti. Isipokuwa kwenye bajeti haitafanyika, hata mtafiti awe mwungwana namna gani.

RidhaaKwanza

Sentensi yenu ya pili nimeiona kwenye fomu nyingi, na ina kesi yake maarufu.

Wahavasupai ni kabila dogo la Arizona, Marekani, linaloishi ndani ya Grand Canyon. Kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona kwa sababu kisukari kilikuwa kinawamaliza. Fomu iliandikwa kwa upana, kwamba utafiti unahusu magonjwa ya tabia na ya mwili. Damu hiyohiyo ikaja kutumika kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia, kuoana kwa ndugu, na mababu zao walihamia kutoka wapi, jambo linalogongana na simulizi lao la asili kwamba wametokea kwenye korongo hilo. Waligundua mwaka 2003, wakawafungia watafiti mlango, wakaenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kilikubali kulipa dola 700,000 kwa watu 41 na kurudisha sampuli.

Hakuna aliyeibiwa kichupa pale. Fomu ndiyo iliyofungua mlango.

Kwa hiyo futeni "tafiti za baadaye" na mweke chaguo ambazo mzazi anaweza kuzijibu mojamoja, ndiyo au hapana: damu itumike kwa utafiti huu tu kisha iharibiwe, itumike pia kwa tafiti nyingine za malaria, itumike kwa utafiti wowote wa afya utakaopewa kibali cha maadili. Pembeni yake maswali mawili yanayojitegemea, la vinasaba vya mtoto na la kupelekwa nje ya nchi. Mzazi anayesema hapana kwa yote hayo bado mtoto wake aingie kwenye utafiti. Hili la mwisho mlisimamie sana, kwa sababu watafiti wengine huligeuza kuwa sharti la kuingia.

Muda nao uandikwe. Miaka 5, 10, au hadi lini? Mtoto wa miaka 3 atafikisha 18 akiwa na seli zake kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na huko zinadumu miaka mingi tu. Atafutwe aulizwe mwenyewe, na fomu iseme zitafanywa nini asipopatikana.

Kujitoa: fomu nyingi zinaahidi "unaweza kujitoa wakati wowote" bila kusema sampuli zinakwendaje. Kama kichupa kina namba na orodha ya majina imefungiwa kwingine, kinaweza kutafutwa na kuharibiwa. Orodha ikishaharibiwa, hakuna wa kukitambua tena, na ahadi ya kujitoa haina maana kwa kichupa hicho. Mzazi aambiwe orodha itaharibiwa lini.

Kusafirisha nje, kwa Tanzania: kibali cha maadili cha taifa kinapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), watafiti wa nje wanahitaji pia kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na sampuli haziondoki bila mkataba wa kuhamisha sampuli. Ombeni muuone mkataba wenyewe. Tafuteni idadi ya sampuli, kipimo kitakachofanywa, kwa nini hakiwezi kufanyika nchini, zinazobaki zinarudi au zinaharibiwa, na nani anamiliki kitakachogunduliwa. Kwenye Papua New Guinea seli za mtu wa kabila la Wahagahai ziliishia kwenye hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya Marekani mwaka 1995. Kelele zikapigwa na hataza ikaachwa mwaka uliofuata.

Kwa asiyesoma, shahidi asiwe mfanyakazi wa utafiti. Na kabla ya dole gumba mzazi aeleze kwa maneno yake: damu inachukuliwa ya nini, mara ngapi, nini kitatokea akikataa, itakayobaki inakwenda wapi. Akikwama, anaelezwa upya. Kumwuliza "umeelewa?" akaitikia "ndiyo" hakupimi kitu.

MjumbeWaKata

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Moja limebaki. Watafiti wamesema watapima selimundu kwa watoto wote na kuwapa wazazi majibu. Mama mmoja kwenye bodi kauliza: mtoto akikutwa na ugonjwa, baba akaenda kupima akakutwa hana, ndoa inavunjika. Hilo linakaaje?

KifunikoZambarau

Mama huyo kagusa penyewe. S ni kinasaba cha selimundu, A ni cha kawaida: SS ni mgonjwa, AS ni mbebaji, AA hana. Mtoto wa SS hupokea S moja kwa kila mzazi, kwa hiyo baba wa AA anazua swali papo hapo.

Ila kabla ya kufika kwenye ndoa, kuna maelezo ya maabara. Baba anaweza kubeba beta-thalasemia, kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini: hana S, lakini mtoto akipata S ya mama na thalasemia ya baba ataonekana kwenye kipimo karibu kama SS. Mtu aliyeongezewa damu ndani ya miezi mitatu anasomeka damu ya mchangiaji. Vichupa vinachanganyika. Na kipimo chenyewe ni kipi? Kile cha tone la damu na kemikali ya metabisulfiti ya asilimia 2 chini ya hadubini huonyesha chembe zikijikunja kwa AS na kwa SS vilevile. Hakiwezi kutofautisha mwenye ugonjwa na mbebaji. Jibu la SS litoke kwenye mashine ya HPLC au elektroforesisi, zinazotenganisha aina za himoglobini, na lirudiwe kwa kichupa kipya kabla ya kumwambia mzazi.

RidhaaKwanza

Upande wa fomu: utafiti huu unahusu watoto, hauna haja ya damu ya baba. Usimpime, na usimshauri akapime kama sehemu ya kupokea majibu. Fomu iseme wazi kwamba utafiti hautatafuta wala kutoa taarifa za nani mzazi wa nani. Mama apewe majibu kwanza, faragha, na mshauri aliyefundishwa, na yeye aamue nani aingie.

Na jibu lisitolewe peke yake. Mtoto wa SS aondoke na rufaa ya kliniki yenye jina na siku, maana penisilini ya kunywa inatakiwa ianze mapema: miligramu 125 mara mbili kwa siku hadi miaka 3, halafu 250 hadi miaka 5. Kama utafiti hauna pa kumpeleka, usipime.

Kuhusu sentensi zenu, jaribuni hivi:

"Kila baada ya wiki mbili, mara tano, tutachukua damu ya mtoto wako isiyozidi mililita 5, sawa na kijiko cha dawa ya maji. Kwa wiki zote nane haitazidi mililita 3 kwa kila kilo ya uzito wake, pamoja na damu atakayotolewa hospitali. Sindano ikikosa mshipa mara mbili, hatutajaribu tena siku hiyo. Damu itakayobaki itakaa kwenye maabara iliyotajwa hapa chini hadi mwaka uliotajwa. Chagua hapa itumike kwa kazi gani. Usipotaka ihifadhiwe, mtoto wako atabaki kwenye utafiti na matibabu yake hayatabadilika."

Kumbikumbi

Ongezeni mstari wa nauli na fidia ya muda, na utajwe kwa jina hilohilo. Ukiandika "malipo" karibu na "damu" kwenye ukurasa mmoja, watu watasoma bei.